Mfumo Mpya katika Mashine ya Baba

Nani aliyenijibu siku ile: baba yangu, au mtoto wa shangazi yangu? Swali hili nimelibeba miaka mingi, nikilihamisha kutoka mkono huu kwenda mkono ule kama mtu apandaye na ndoo ya maji kutoka bondeni, na bado sijapata mahali pa kulitua. Nilikuwa nimeuliza jambo dogo tu. Niliuliza kompyuta mpya iwekewe mfumo upi, wa zamani au wa sasa. Mtu aliyeketi mbele yangu alijibu kwa maneno mawili, nami nikayatii. Lakini katika kinywa kile kimoja walikuwamo watu wawili wenye haki ya kunijibu, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kusema alichosema. Leo wote wawili wamelala chini ya mikorosho ileile kule kijijini kwetu Mkunya, na hakuna ninayeweza kumrudia nimwombe afafanue.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Alikuwa amesoma Chidya, shule ya misheni, na kule alitoka na mwandiko uliolala upande wa kulia pamoja na tabia ya kutoliamini jambo lolote ambalo halijaandikwa. Miaka ile ya soko huria, mipaka ilipolegezwa na vitu vilivyochakaa katika nyumba za Ulaya vikaanza kupanda hadi kwetu Newala, majokofu, redio, magodoro, baba alinunua kompyuta. Majirani waliouza korosho zao kwa wafanyabiashara binafsi, wale waliokuja na mizani yao wenyewe, walirudi nyumbani na mabati au baiskeli. Yeye alirudi na kioo kikubwa kama sanduku la chai, nyaya zikining'inia. Watu walikuja kukitazama. "Mwalimu ameleta televisheni isiyoonyesha mpira," alisema jirani yetu mmoja, na kwa muda mrefu kompyuta ile haikuwa na jina jingine pale kijijini.

Kazi aliyoinunulia ilikuwa moja: daftari la majina. Kwetu mtu akifa, jina lake halizikwi pamoja naye. Matanga yakiisha, wazee wa litawa, yaani ukoo tunaouhesabu kwa upande wa mama, hukaa na kumchagua ndugu atakayelipokea. Aliyelipokea huwa ndiye marehemu kwa wote waliomjua marehemu. Watoto wa marehemu humwamkia shikamoo hata kama wamemzidi umri, naye huitikia marahaba na kuwaita wanangu. Sisi ni Waanglikana kwa kizazi cha nne. Padri alikuwa akialikwa, akisali, akila, kisha akiondoka kabla jina halijaitwa, na katika hilo hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Baba aliona kwamba majina yalikuwa yanawachanganya watu. Jina moja lilikuwa limepita kwa watu watano, na safari ya mmoja ikawa inasimuliwa kama safari ya mwingine, shamba la babu likadaiwa kwa maneno ya mjukuu. Akaanza kuzunguka na kuwauliza wazee, Newala yote, na chini hadi Lisekese: jina hili alilishika nani, alilipokea kutoka kwa nani, mwaka wa njaa ipi. Jioni aliyaandika kwa vidole viwili katika programu ya kuandikia aliyofundishwa kwenye semina moja ya walimu. Alikuwa mwepesi wa kukasirika ukipita mbele ya kioo akiwa katikati ya mstari.

Likizo ya mwisho niliyoikaa naye, mwezi wa Desemba, aligeuka kutoka kwenye kioo akaniambia, "Na langu nimeshaliandika litakwenda kwa nani. Limo humu. Nimewapunguzia wazee kazi."

"Baba, unajirithisha na ungali hai?"

"Wewe cheka. Wazee wakikaa, anayechaguliwa ni yule aliyewapikia vizuri jana."

Nilicheka kama alivyoniruhusu. Sikumuuliza ameliandikia nani. Nilikuwa na haraka ya kwenda kumsaidia mama kumenya mihogo, na nilidhani swali hilo lina miaka mingi mbele yake.

Mwezi uliofuata umeme ulikatika kwa siku mbili, na uliporudi, ulirudi kwa nguvu iliyounguza vitu katika nyumba nyingi. Mashine ya baba ilitoa moshi mwembamba na harufu ya nywele. Aliifunga katika shuka akaipeleka Masasi, ambako mimi nilikuwa nikifundisha sekondari, na fundi akampa habari nusu njema: kila kitu kimekufa isipokuwa diski ya ndani, na maandishi yote yamo. Baba akaniagiza nimtafutie mashine mpya, "ile ya kukunja, ambayo umeme ukikatika haishtuki." Nilimtuma mwalimu mwenzangu aliyekuwa akienda Dar es Salaam. Kompyuta mpakato ilifika Masasi baba akiwa hospitalini, nami nikaiacha ndani ya boksi lake nikisema nitamfungulia akitoka. Alitoka siku ya sita, akiwa amefunikwa.

Matanga yote boksi lile lilikaa chini ya kitanda changu.

Siku ya arobaini wazee walikaa, wakamchagua mtoto wa kiume wa shangazi yangu, dada pekee wa baba. Kwa desturi hawakukosea hata kidogo. Mpwa ndiye mtu wa kwanza kutazamwa. Lakini binamu huyu, niseme ukweli, alikuwa mtu wa mwisho ambaye mimi ningemtazama. Nilimzidi miaka minne. Shule aliiacha darasa la nne. Mwezi wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, alikuwa mpulizaji hodari, akitembea na mashine mgongoni kutoka shamba hadi shamba. Miezi mingine alikunywa uraka, pombe ya mabibo ya korosho, mabibo yakiwapo, na nipa, ile kali ya kukeneka, yasipokuwapo. Tulikuwa watani kama binamu wanavyopaswa kuwa. Nikishuka kutoka kwenye gari na begi langu la vitabu, alikuwa akipaza sauti kutoka kilabuni ili wote wasikie: "Huyo mke wangu amekuja, amekaushwa na vitabu, mleteeni bibo alainike." Nami nilimjibu kwamba nitaolewa naye siku atakayoweza kuandika jina lake bila kulewa njiani. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kunichekesha vile.

Nilikuwa nimekaa na wanawake, nyuma. Nilijua kwamba neno la baba kuhusu jina lake limeandikwa, na nilijua liko wapi. Ningeweza kusimama na kusema. Sikusimama. Nilijiambia kwamba maandishi yenyewe yamefungwa ndani ya diski isiyo na mashine, na kwamba hakuna mzee atakayekubali jina la marehemu lingoje fundi wa Masasi. Hayo yalikuwa kweli, lakini hayakuwa kweli yote. Niliogopa kuwakatiza wazee kwa jambo ambalo sikulijua mwisho wake.

Wakamvisha koti la baba, ambalo mabega yake yalimzidi. Shangazi akamnyunyizia unga wa mtama, jina likaitwa mara tatu, naye akaitika. Kisha tukapita mmoja mmoja kumwamkia. Zamu yangu ilipofika nilipiga goti, nikamwona akinitazama na midomo yake ikitaka kucheka, nami pia nikawa karibu kucheka, na tungeaibika sote wawili mbele ya ukoo mzima.

"Shikamoo, baba."

Midomo ikatulia.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Hilo lilikuwa swali la baba. Kila mara, baada ya marahaba, kabla ya habari nyingine yoyote, baba aliuliza kama nimekula. Sijui kama binamu aliligeza kwa makusudi, au alilisikia mara nyingi hata likawa limemwingia bila yeye kujua. Nililia pale chini mpaka wakaniinua. Watu walidhani ninamlilia baba tu. Nilikuwa ninamlilia na mtani wangu pia, kwa sababu nilielewa kwamba hataniita tena mke wake kwa sauti kubwa, na kwamba aliyebaki mbele yangu ni mtu nisiyeruhusiwa kumjibu.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba alilichukua jina kwa uzito kuliko sisi tuliompa. Nipa aliiacha, kwa kuwa baba hakuwa mnywaji. Alilirudishia makuti jiko la mama. Mama, ambaye maisha yake yote alimwita baba "Mwalimu", alimwita naye Mwalimu, yule aliyeacha shule darasa la nne, na hakuna aliyetabasamu. Katika vikao alianza kuketi mahali pa baba na kusema maneno machache. Mama aliniambia siku moja, huku akipepeta, "Jina limemshika huyu. Limemwokoa." Niliyashika maneno hayo. Ndiyo yaliyofanya jambo lililofuata liwe zito.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili kwa masafa. Kazi ya kwanza ilitakiwa mwisho wa mwezi wa Agosti, na ilitakiwa ifanywe kwa programu ya takwimu ambayo chuo kilitutumia. Sikuwa na kompyuta ila ile iliyokuwa chini ya kitanda, na ile ilikuwa ya baba, maana yake ilikuwa imekwenda pamoja na jina. Nilimpelekea baba mpya boksi lake. Aliligeuza mara moja, akanirudishia. "Nitaifanyia nini mimi? Itumie wewe, lakini iwe yangu," alisema. Ndivyo baba alivyokuwa akiazima vitabu vyake.

Nikaipeleka kwa fundi yuleyule aliyebaki na diski ya baba. Alikuwa Mmakua wa makamo, aliyeanza na redio akahamia kompyuta zilipoanza kuwa nyingi, na kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, chini ya mlima wa mawe. Aliiwasha. Kikatokea kioo cheusi na mstari mmoja wa maneno meupe.

"Imekuja tupu," akasema. "Siku hizi wanaziuza hivi, kila mtu ajitafutie. Nikupigie windo ipi, mwalimu?" Windo ndivyo mafundi walivyouita mfumo.

"Ziko ngapi?"

"Ipo ya zamani, kama aliyokuwa nayo mzee. Ipo mpya. Na ipo hii ya bure inaitwa Linux, mzungu mmoja wa kujitolea aliniachia. Sijamwekea mtu bado. Naogopa atarudi kuniuliza."

"Ipi nzuri?"

"Nzuri ni ile inayofungua vitu vyako. Vitu vyako ni vipi?"

Nikamwambia: programu ya chuo, na mafaili ya baba. Akavuta droo akatoa ile diski, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Alieleza polepole, naye alikuwa mtu wa kueleza vizuri. Programu ya chuo ilitaka windo mpya na haikukubali nyingine. Mafaili ya mzee yalifunguliwa na programu ya mzee peke yake, nayo haikukubali ila windo ya zamani. Alikuwa amejaribu kuyafungua katika mashine yake yenye mfumo mpya. "Zilitoka herufi kama nyayo za kuku," akasema.

"Huwezi kuweka mifumo miwili katika mashine moja?"

"Wapo wanaoweza. Mimi nilijaribu mara moja kwa karani mmoja, nikampotezea vyote. Kwa vitu vya marehemu sijaribii." Alifuta meza kwa kiganja. "Mwenye mashine ni nani?"

"Baba."

"Baba si yule tuliyemzika?"

"Yupo. Yupo Mkunya."

Alielewa mara moja, bila mimi kuongeza neno. Kwao nao ni hivyohivyo. "Basi kamuulize," akasema. "Usiniletee jibu lako. Niletee lake. Kesho na keshokutwa lawama isije hapa kibandani."

Jumamosi nilipanda Newala kwa lori lililokuwa linakwenda kuchukua makopa, mihogo iliyokaushwa. Ulikuwa wakati wa mikorosho kutoa maua, upepo wa baridi, vumbi jekundu chini na vumbi la salfa juu. Njia nzima nilijipangia jinsi nitakavyosema. Ningeweza kumwambia nusu: mfumo mmoja unafaa masomo, mwingine unafaa daftari la marehemu. Nilipofika kwenye kona ya mwisho ya mlima niliamua kumwambia yote, na hadi leo sijui kama ule ulikuwa uaminifu au ulikuwa woga wa kubeba peke yangu.

Mama alikuwa akigeuza makopa juu ya kichanja. "Mwalimu," aliita kuelekea nyuma ya nyumba, "mtoto amekuja."

Akatokea, mashine ya kupulizia ingali mgongoni. Salfa ilikuwa imempaka nyusi na kope rangi ya njano, na macho yalikuwa mekundu. Aliitua mashine, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Tulikaa kwenye viti viwili, mbali kidogo na mama. Nilimweleza habari ya windo mbili kama fundi alivyonieleza mimi, na alisikiliza akiutazama mkono wangu uliokuwa ukichora chini. Kisha nikasema, "Kuna jambo jingine. Katika yale mafaili, marehemu aliandika jina lake liende kwa nani."

Hakushtuka. Alianza kujikung'uta salfa kwenye mikono, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Umeliona?"

"Sijaliona."

"Alikwambia ni nani?"

"Hakuniambia. Sikumuuliza."

"Mama yako anajua?"

"Hapana. Hajui mtu."

Alimtazama mama kule kwenye kichanja. Mama alikuwa akiimba kidogo, wimbo wa kanisani, akisahau baadhi ya maneno.

"Ukiweka ya zamani, masomo yako yatakuwaje?"

"Yatasimama mwaka huu. Labda na mwakani. Hawangoji."

"Ulisomeshwa mpaka chuo kikuu na nani?"

"Na baba."

"Kwa korosho za shamba hili."

"Ndiyo."

Nilimwona akiwaza, na uso wake ulikuwa mgumu kuusoma kwa sababu ya ile rangi ya njano. Kisha akasema, "Weka mpya."

"Lakini lile neno lake..."

"Umekuja kumuuliza nani?"

Alirudia, bila kupaza sauti: "Nakuuliza, mwanangu. Umetoka Masasi kuja kumuuliza nani?"

"Nimekuja kumuuliza baba."

"Basi baba amesema."

Alinisindikiza hadi barabarani, amenichukulia kikapu cha mihogo ambacho mama alinifungashia. Lori lilipoonekana kwa mbali, alitema mate pembeni, akasema bila kunitazama, "Ungeniuliza mwaka jana, ningekwambia uiuze tukanywe." Niligeuka. Kwa muda mfupi sana alikuwa yeye, yule wa kilabuni, jino lake lililopungua likionekana. Nikataka kumjibu kwa utani wetu wa zamani, na neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini alikuwa amekwisha kuufunga uso. "Uwe mwangalifu nayo," akasema. "Isije ikaungua na hii."

Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa, juu ya lori, katikati ya magunia ya makopa. Kama aliyenijibu ni baba, basi jibu ni lile hasa ambalo baba angenipa. Baba asingekubali nipoteze mwaka wa shule kwa ajili ya kitu chochote, hata maneno yake mwenyewe. Kama aliyenijibu ni binamu, basi ni mtu aliyekuwa amepata heshima kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaambiwa kwamba mahali fulani kuna andiko linaloweza kumvua koti mbele ya watu wote, akachagua lisifunguliwe. Na kama walikuwa wote wawili, nani alisema kwanza? Wala sijataja mtu wa tatu, ambaye ni mimi. Mimi nililitaka jibu lile. Niliupanda mlima nikiwa nimekwisha kulitaka.

Alilibeba jina la baba kwa miaka kumi na moja, bila kurudia pombe, mpaka kifua kilipomwondoa. Nilifunga kitambaa cha msiba kama mtu aliyefiwa na mzazi, na ndivyo ilivyokuwa. Nimefiwa na baba mara mbili. Baada ya kumzika, ndugu waliniuliza daftari la mzee liko wapi, maana jina lilikuwa linamtafuta mtu tena. Niliwaambia liliungua pamoja na ile televisheni isiyo na mpira. Wakacheka kwa huzuni, wakaamini. Huo ni uongo, na hapa ndipo mahali pa kwanza ninapousema.

Lakini nimeitangulia asubuhi yenyewe, ile niliyompelekea fundi jibu.

Ilikuwa Jumapili. Kengele ya kanisa ilipiga mara ya kwanza nikiwa ninavaa, na ya pili nikiwa njiani kuelekea kwa fundi, boksi mikononi. Yeye ni Mwislamu, hufungua Jumapili. Nilimkuta ameshaweka chai kwenye kizibo cha chupa.

"Mwenyewe amesemaje?"

"Weka mpya."

Alitikisa kichwa kukubali. Aliunganisha waya, akafungua kompyuta, akaanza kutafuta kati ya CD zake. Halafu akasita, kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni.

"Mwalimu, Mungu ana mambo. Jana jioni nimeletewa mashine moja kutoka Lisekese kuitengeneza feni. Ile pale. Ina windo ya zamani, ileile ya mzee." Alinionyesha kwa kidevu. "Programu yake naweza kuiweka pale, na diski yake nikaipachika. Dakika kumi. Ukasoma unachotaka kusoma, ukaandika pembeni, nikatoa. Mwenye mashine hatajua, na yako tunaipiga mpya kama alivyosema baba. Nikuwekee?"

Mashine ile ilikuwa kwenye meza ya pembeni, kifuniko chake kimeondolewa, na ndani yake vumbi jekundu la kwetu limejaa kila pembe. Kumbe sikuwa nalazimika kuchagua kati ya baba na masomo. Sababu yangu nzuri, niliyoibeba kupanda mlima na kuishusha, ilikuwa imekwisha pale pale mbele ya macho yangu, na kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tupu: ninataka kujua, au sitaki. Nilimwona mama akipepeta. Nilimwona yule mtu akijikung'uta salfa, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Hapana," nikasema. "Usiipachike."

"Dakika kumi tu."

"Nakili mafaili kwenye CD unipe. Usiyafungue."

Fundi alinitazama kwa muda. Alikuwa mtu aliyeona mengi katika mashine za watu, na nadhani alielewa zaidi ya nilivyotaka aelewe. Akafanya nilivyosema. CD aliyonipa, aliyoiandika kwa kalamu ya wino neno moja, "Mzee", nimehama nayo nyumba nne. Leo katika mji wowote wako watu wanaoweza kuyasoma mafaili yale mtu akisubiri amesimama. Sijawapelekea. Inawezekana pia kwamba CD yenyewe imekwisha kuharibika kwa joto la miaka, na kwamba ninachokiogopa hakipo tena. Hilo nalo sijalijaribu.

Akaiingiza windo mpya. Kioo kikawa cha buluu, kikaorodhesha maneno, kisha kikangoja. Akanisogezea kompyuta.

"Bonyeza wewe," akasema. "Mimi ni fundi tu."

Nikabonyeza. Tulikaa muda mrefu tukitazama mstari ukijaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Alikunywa chai yake, akanipa nyingine, akahudumia mtu aliyeleta redio. Kanisani walikuwa wamefika kwenye wimbo wa sadaka, tuliusikia. Karibu na mwisho mashine ilisimama, ikafungua kisanduku cheupe katikati ya kioo, ikauliza jina la mwenyewe.

Niliandika jina la baba, lote, kama lilivyokuwa likiandikwa ubaoni shuleni kwake. Kisha nikabonyeza, ikaendelea.